Kabla Hujaamua Kuwa Dereva wa Trela, Uliza Nani Analipa Saa za Kusimama

Vijana wanaokuja kujifunza lori hapa Nakuru huanza na swali lilelile: "Mwalimu, trela inalipa pesa ngapi?" Nami huwarudishia la kwangu: gari likikwama Malaba, mpakani na Uganda, siku tatu, nani anakulipa siku hizo? Wengi hunyamaza. Hawajawahi kuiona kazi hii kutoka upande huo, na bila kuiona kutoka huko huwezi kuamua kama inakufaa.

Ukimwona dereva barabarani unamwona akiendesha. Humwoni akingoja kupakia, akingoja karatasi, akingoja zamu yake kwenye mizani ya barabarani ya kupima uzito, akingoja mpakani, kisha akingoja tena kupakua. Kutoka bandari ya Mombasa hadi Malaba ni zaidi ya kilomita 900. Dereva anayelala vizuri huumaliza mwendo huo kwa siku mbili tatu. Kinachobaki cha safari, na mara nyingi ni kingi, ni kungoja. Vituo vya pamoja vya mpakani, kama kile cha Busia kilichofunguliwa rasmi 2018, vimepunguza kuzunguka na makaratasi upande huu na ule, lakini havijaondoa foleni. Januari 2022 madereva walipogomea ada ya kipimo cha korona upande wa Uganda, malori yalijipanga kilomita kwa kilomita kutoka Malaba kurudi Bungoma, na petroli ikaadimika Kampala. Watu walilala chini ya trela zao. Aliyekuwa na mshahara wa mwezi alilala na mshahara wake. Aliyekuwa akilipwa kwa tripu alilala na deni.

Kwa hiyo tuanzie hapo kwenye malipo. Kwa kawaida yana vipande vitatu. Kuna mshahara wa mwezi, kuna pesa ya safari ya chakula, maegesho na malazi, halafu kuna mailiji, yaani malipo kwa kila safari unayomaliza. Amri ya serikali kuhusu mishahara ya chini ina mstari wake wa dereva wa gari zito la biashara, na kampuni kubwa huufuata au kuuzidi. Lakini ajira nyingi za huku kwetu haziko kwa kampuni kubwa. Ziko kwa mtu mwenye lori moja au mawili, mkopo wa benki bado unamkaba, hana mkataba wa kukuandikia, na malipo yake ni hesabu ya tripu tu. Sisemi ni mtu mbaya. Nasema mpangilio wake wa malipo utaamua jinsi utakavyoendesha, hata ukiwa na tabia ya kanisani.

Angalia inavyokwenda. Umepoteza siku mbili ukingoja kupakia, na hakuna aliyezilipa. Ili mwezi usikupite na tripu moja, unazifidia usiku. Sheria ya trafiki, tangu ilipofanyiwa marekebisho 2012, inasema dereva wa gari la biashara asizidishe saa nane za kuendesha katika saa 24. Wanaoijua ni wengi, wanaoweza kuifuata kwa malipo ya tripu ni wachache. Ndipo miraa au mogoka huingia mfukoni, macho yanakuwa wazi lakini akili imeshalala. Nimekaa kiti cha pembeni na madereva wa namna hiyo. Wanaiona taa ya breki ya gari la mbele, ila mguu unachelewa.

Halafu dizeli. Wenye magari wengi hupiga hesabu ya lita za safari na kumpa dereva kiasi hicho, na kinachobaki kwenye tangi huuzwa kando ya barabara kwa mitungi. Wapo madereva wanaokihesabu kama sehemu ya mshahara. Kutoka hapo kwenda kwenye nyutro ni hatua moja. Unatoka Mau Summit ukielekea Salgaa, mteremko ni mrefu, unatoa gia, gari linajiendea, unaona umeokoa mafuta.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wanafunzi wangu hubisha zaidi. Trela yenye ekseli saba, yaani mihimili ya magurudumu, inaruhusiwa kufika tani 56 pamoja na mzigo. Uzito huo ukiteremka ndani ya gia ndogo, injini yenyewe huushikilia, na breki za miguu unazigusa kwa kiasi. Ukiweka nyutro, injini imejitoa. Uzito wote umeangukia kwenye breki, zinapata moto, na zikishapata moto wa kutosha hazikamati tena hata ukikanyaga mpaka sakafuni. Kuna jambo la pili: breki za lori ni za hewa. Kila ukikanyaga unatumia hewa, na injini inayozunguka polepole kwenye nyutro hairudishi hewa haraka. Geji inashuka, kengele inalia, na kabla hujajua la kufanya breki za springi, zinazozuiwa na hewa hiyo, zinajifunga zenyewe, magurudumu yanagoma na trela inakuja ubavuni kukutazama.

Na mafuta unayodhani umeokoa? Kwa injini za kisasa za kielektroniki, ukiwa ndani ya gia kwenye mteremko na mguu umetoka kwenye mafuta, kompyuta ya gari hukata dizeli kabisa. Ukiweka nyutro, injini inahitaji dizeli ili isizime. Umehatarisha maisha ya watu ili uchome mafuta zaidi. Kanuni ya wazee bado inatosha: gia ambayo ungepandia mlima huo ndiyo ya kushukia, na uichague juu kabla ya mteremko, si ukiwa katikati yake.

Watu wa huku hawahitaji kukumbushwa. Sachangwan, mwishoni mwa Januari 2009, lori la mafuta lilianguka, wananchi wakaja kuchota, moto ukalipuka na kuua zaidi ya watu mia moja. Makutano ya Londiani, 30 Juni 2023, lori lililopoteza mwelekeo liliingia kwa wachuuzi na abiria waliokuwa kando ya barabara na kuua zaidi ya 50. Sidai kwamba chanzo cha ajali hizo ni nyutro. Ninachosema ni kwamba kila ukishuka kutoka nyanda hizi za juu, iwe kuja Nakuru au kwenda Kericho mpaka Ahero, unapita mahali ambapo watu wanauza viazi na nyanya mita chache kutoka kwenye bampa lako. Barabara ya Timboroa iko karibu mita 2,700 juu ya bahari, Kisumu iko kama 1,130. Tofauti hiyo yote lazima ishukwe na mtu, na mtu huyo ni wewe.

Mizani nayo ina hesabu yake, na si ya uzito wa jumla tu. Trela ya ekseli sita inaruhusiwa tani 50: ekseli ya mbele tani 8, zile mbili za kichwa kinachovuta 18, na tatu za nyuma 24. Unaweza kuwa na tani 49 na bado ukakamatwa Gilgil au Webuye, kwa sababu magunia yamerundikwa mbele na ekseli za kati zimezidi. Gari linaegeshwa mpaka mzigo upangwe upya. Aliyepakia vibaya yuko kwao amelala, wewe ndiye unayetafuta vibarua wa kuhamisha magunia. Mzigo wa kupita kwenda Uganda au Rwanda una sili ya kielektroniki ya KRA, mamlaka ya ushuru, inayofuatiliwa njia nzima. Ukiacha njia iliyowekwa, hata kwa kwenda kuwasalimu wazazi Kakamega, kuna mtu anaona.

Leseni si jambo gumu, ni la subira. Daraja la B, la magari madogo, halikufikishi kwenye lori. Unapanda kwa lori dogo la C1 au la kati la C, unafanya kazi, kisha unatafuta CE ya kichwa na trela, yote kupitia NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Ongeza cheti cha tabia njema na, kwa kuvuka mpaka, kadi ya chanjo ya homa ya manjano. (Kuna pia kadi ya njano ya bima ya COMESA, ambayo ni ya gari. Kila mwaka kuna kijana anayemwonyesha afisa wa afya kadi ya bima.) Ugumu uko kwenye uzoefu, maana hakuna mwenye busara anayempa mgeni trela ya mamilioni. Wengi wanaodumu walianza kama taniboi, yaani msaidizi wa dereva, au kwa Kanta, lori dogo, ya viazi kutoka Molo, na mimi nawaamini hao kuliko aliyetoka darasani moja kwa moja.

Ukiwa na watoto wadogo, jua kwamba kazi hii haifungwi kwenye masafa marefu pekee. Bomba la mafuta linaishia Eldoret na Kisumu, ndiyo maana tanka nyingi za kwenda Uganda hupakia huko na si Mombasa. Safari ni fupi, ila masharti ya usalama ni makali na kosa moja halisameheki. Miwa ya Muhoroni, Chemelil au Kabras hukurudisha nyumbani jioni, kwa malipo madogo na barabara za matope, na kiwanda kikifungwa nawe umefungwa. Chai ya Kericho kwenda Mombasa iko katikati ya hayo mawili. Dada mmoja niliyemfundisha alichagua tipa ya mawe hapahapa Nakuru, wenzake wa trela wakamcheka. Anakula chakula cha jioni kwake.

Basi ukienda kuomba kazi, usianze na mshahara. Uliza siku za kusimama zinahesabiwaje, dizeli inatolewa vipi na inayobaki ni ya nani, ikitokea mzigo umezidi mizani nani anashughulika, na ukisema umechoka saa tatu usiku bosi atajibu nini kwenye simu. Kisha ongea na dereva anayeondoka kwenye kazi hiyo, si anayeingia. Mwenye gari akikuambia mkataba mtaandikiana baadaye, mwambie na funguo utazichukua baadaye.

Somo la breki za hewa huwa Jumamosi asubuhi, na si lazima uwe mwanafunzi wetu kuhudhuria. Njoo na viatu vya kufunga. Wanaokuja na ndala nawarudisha.