Visa ya EB-1C: umeneja hauthibitishwi kwa cheo

Cheo kwenye kadi ya biashara hakimpi mtu grini kadi ya Marekani. Nalisema mapema kwa sababu wanaoniuliza kuhusu EB-1C, visa ya watendaji wakuu na mameneja wa kampuni za kimataifa, karibu wote huanza na cheo.

Masharti ya mwanzo hayana utata mwingi. Anayeomba ni kampuni iliyoko Marekani, si wewe. Ndiyo inayowasilisha fomu I-140, ombi la mwajiri kwa ajili ya mfanyakazi wa kigeni. Iwe imefanya biashara huko angalau mwaka mmoja, na biashara ni kuuza bidhaa au huduma mfululizo, si kupanga ofisi na kumweka mtu wa kupokea simu. Kampuni hiyo na ile uliyoitumikia nje ziunganishwe na umiliki: mama na tanzu, tawi, au zote mbili za mmiliki mmoja. Nawe uwe umefanya kazi nje ya Marekani, kwa ngazi ya meneja au mtendaji mkuu, walau mwaka mmoja katika miaka 3 kabla ya maombi. Aliyekwisha kuingia na anaifanyia kazi kampuni hiyo, tuseme kwa L-1A, visa ya muda ya mameneja wanaohamishwa ndani ya kampuni, huhesabiwa miaka hiyo kurudi nyuma tangu alipoingia.

Maombi mengi hukwama kwenye barua ya kazi. Chukulia kampuni ya usafirishaji ya Dar es Salaam yenye tanzu Houston. Barua inasema meneja "atasimamia shughuli zote za kila siku". Afisa wa USCIS, idara ya uhamiaji ya Marekani, anajiuliza: nani anapanga magari? Nani anakokotoa bei za mizigo? Nani anapokea malalamiko ya wateja? Kama mchoro wa ngazi za wafanyakazi una meneja, dereva na karani basi, jibu liko wazi: meneja ndiye mfanyakazi. Barua ninayoitaka mimi inagawa wiki yake kwa asilimia, bajeti kiasi gani, mikataba kiasi gani, kuajiri na kuachisha kiasi gani, kisha inamtaja anayetekeleza kila kazi, na hati za mishahara zinaambatishwa.

Hata kusimamia watu kuna mipaka yake. Msimamizi wa moja kwa moja wa madereva hahesabiki kuwa meneja. Wa wahandisi au wahasibu wenye shahada anaweza. Sheria inamkubali pia meneja asiye na watu chini yake, mradi anaongoza jukumu la msingi la kampuni akiwa ngazi ya juu. Njia hiyo simpendekezei mtu haraka, maana ushahidi wake ni mgumu. Udogo wa kampuni peke yake si sababu ya kukataliwa: uamuzi wa rufaa wa USCIS wa mwaka 2016, Matter of Z-A-, ulisema wafanyakazi wa kampuni ndugu walioko nje wanaomsaidia meneja nao waangaliwe.

Halafu kuna foleni ya grini kadi, ambayo wengi huisahau. Hupangwa kwa nchi uliyozaliwa, si kwa pasipoti. Mzaliwa wa Mombasa mwenye uraia wa India huingia foleni ya Kenya, na kwa EB-1, kundi ambamo EB-1C imo, foleni ya India imekuwa ndefu kwa miaka. Huyo namwambia atafute cheti cha kuzaliwa kabla hata hatujagusa barua ya kazi.