Tumaini lenye uzima ni nini, na kwa nini haliachani na utakatifu

Kwa Mkristo, tumaini ni kungoja kwa uhakika jambo ambalo Mungu ameliahidi na ambalo bado halijaonekana. Utakatifu ni kuishi kama mali ya Mungu hapohapo ulipo, wakati ungali unangoja. Yohana anayaweka yote mawili katika sentensi moja: kila mwenye matumaini haya hujitakasa (1 Yohana 3:3). Katika mahubiri yetu mengi, hata hivyo, mawili haya yametengana. Tumaini limehamia kwenye mkesha wa mwaka mpya, ambako kila mwaka hupewa jina lake, mwaka wa kupenya, mwaka wa kuinuliwa. Utakatifu umeachiwa wazee wa kanisa wanaopima urefu wa sketi. Kwa maoni yangu yote mawili yamekonda kwa sababu hiyo.

Tuanze na tumaini, na mstari unaopendwa kuliko yote. Yeremia 29:11 umebandikwa kwenye vioo vya daladala, kwenye kalenda za makanisa na kwenye status za WhatsApp za wahitimu: Mungu anawawazia watu wake mawazo ya amani wala si ya mabaya, awape tumaini siku zao za mwisho. Wachache hubandika mstari wa 10, ulio juu yake tu, unaosema kwamba haya yatatimia baada ya miaka 70. Maneno hayo yamo ndani ya barua iliyotoka Yerusalemu kwenda Babeli, kwa watu waliochukuliwa mateka mwaka 597 KK pamoja na mfalme wao Yekonia, na mafundi na wahunzi wao. Mtu mzima aliyekaa kusikiliza barua ile ikisomwa aliweza kupiga hesabu mwenyewe. Angezikwa ugenini.

Ugumu wa barua hiyo unaeleweka zaidi ukirudi sura moja nyuma. Nabii Hanania alikuwa amesimama hekaluni, mbele ya makuhani na umati, akatangaza kwamba ndani ya miaka miwili vyombo vya hekalu vitarudishwa na mateka wote watarejea nyumbani. Yeremia alikuwa amevaa nira ya mti shingoni, ishara ya utumwa uliokuwapo. Hanania akaivua na kuivunja watu wakiona. Mahubiri ya namna hiyo yana mvuto wake, tusijidanganye. Hata Yeremia alianza kwa kujibu “Amina”, kwa sababu naye angependa iwe hivyo. Neno lililomjia baadaye lilikuwa kali: nira ya mti imevunjwa, mahali pake inakuja ya chuma. Hanania akafa mwaka uleule, mwezi wa saba.

Ubaya wa tumaini la Hanania hauko tu kwamba lilikuwa la uongo. Liliwafanya watu wakae mkao wa abiria aliyekwisha kukata tiketi. Kama mnarudi baada ya miaka miwili, kuna haja gani ya kujenga? Unapanga chumba, unaweka mizigo tayari, harusi ya binti inasubiri. Yeremia anawaandikia kinyume chake: jengeni nyumba mkakae ndani yake, pandeni bustani mkale matunda yake, waozeni wana wenu na binti zenu, utakieni amani mji niliowahamisha mwende, mkauombee kwa Bwana. Na mji wenyewe ni Babeli, ya yule aliyewachukua mateka. Ahadi ya mbali ndiyo iliyowapa nguvu ya kushika jembe la leo.

Petro anapoandika juu ya “tumaini lenye uzima”, anajenga juu ya msingi huohuo na kuongeza jambo moja lililo kubwa: uhakika wake unatoka kwenye kufufuka kwa Yesu, yaani kwenye tukio ambalo kwake limekwisha kutokea. Hapa ndipo tumaini la Kikristo linapoachana na matarajio ya kawaida. Anayetarajia kwamba bei zitashuka au kwamba uchaguzi ujao utakuwa wa amani husoma dalili, na dalili zikigeuka naye hugeuka. Si vibaya kuzisoma. Ila anayesimama juu ya ufufuo hasubiri dalili nzuri ndipo atende haki, wala dalili mbaya hazimpi ruhusa ya kuacha.

Barua hii ya Petro ilikwenda kwa waumini wa Ponto, Galatia, Kapadokia, Asia na Bithinia, majimbo ya Kirumi katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Petro anawaita wapitaji na wasafiri. Hakuna dalili kwamba wengi wao walikuwa wametoka mbali. Waligeuka wageni mitaani kwao wenyewe, kwa sababu majirani waliona ajabu kwamba hawaendi tena mbio pamoja nao katika ulevi na ibada za sanamu. Na mara tu baada ya kuwaambia waliweke tumaini lao lote katika neema ijayo, anawapa amri ya zamani: iweni watakatifu katika mwenendo wenu wote, kwa kuwa Mungu ni mtakatifu.

Amri hiyo imetoka katika kitabu cha Walawi, na anayetaka kujua utakatifu una sura gani asome sura ya 19. Inaanza na “mtakuwa watakatifu”, kisha inaingia shambani, sokoni na mahakamani. Usivune pembe za shamba lako, waachie maskini na mgeni. Ujira wa kibarua usilale kwako hata asubuhi. Usimlaani kiziwi, wala usiweke kwazo mbele ya kipofu. Usimpendelee maskini katika hukumu, wala usimheshimu mwenye nguvu. Mwishoni inafika kwenye mizani na vipimo vya haki.

Hilo la vipimo kwetu lina jina: lumbesa. Gunia la viazi linajazwa mpaka mdomoni, kisha linashonewa kilemba cha wavu juu yake na kushindiliwa viazi vingine, na mkulima analipwa bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo inaikataza, kila mtu shambani anajua, na bado inapakiwa kwenye lori. Dalali anayenunua hivyo Jumamosi, na Jumapili akawa mbele katika kwaya, ana tatizo la utakatifu kubwa kuliko la binti aliyevaa suruali kanisani. Sijasikia mahubiri mengi juu yake.

Kuhusu waumini wa Bithinia na Ponto tuna ushahidi wa mtu ambaye hakuwapenda. Karibu na mwaka 112, Pliny, gavana wa Kirumi wa eneo hilo, alimwandikia Kaisari Trajan kuomba ushauri. Alikuwa akiwauliza washtakiwa kama ni Wakristo, mara ya pili na ya tatu, huku akiwatishia adhabu, waliong’ang’ania aliwaua. Waliotaka kuachiwa walitakiwa kufukiza uvumba na kumimina divai mbele ya sanamu ya Kaisari, na kumlaani Kristo. Aliwatesa watumwa wawili wa kike waliokuwa wahudumu wa kanisa ili apate siri ya kundi hilo. Akapata nini? Kwamba walikutana siku maalumu kabla ya kupambazuka, wakamwimbia Kristo kama Mungu, wakafunga kiapo. Gavana huenda alitegemea kiapo cha uasi. Kiapo chenyewe kilikuwa cha kutoiba, kutonyang’anya, kutozini, kutovunja ahadi na kutokana amana mwenyewe anapoidai. Baadaye walikutana tena kula chakula, cha kawaida tu.

Hilo la amana lisitupite. Mtu anakuachia fedha zake umtunzie. Hakuna benki jirani, labda hakuna hata karatasi. Siku anayozidai, unaweza kusema hukupewa. Kila mweka hazina wa kikoba anakijua kishawishi hicho, hasa mwezi ada za shule zinapodaiwa na kasanduku kako chini ya kitanda chake. Wakristo wa Bithinia waliamka gizani kuapa juu ya jambo hilohilo, wakijua kwamba kukutana kwenyewe kunaweza kuwagharimu maisha. Pliny anataja pia kwamba mahekalu yalikuwa karibu kuachwa ukiwa, na nyama ya wanyama wa sadaka ilikuwa imepata wanunuzi haba sana kabla hajaanza kuchukua hatua. Wale wapitaji walikuwa wameonekana hadi buchani.

Afrika Mashariki imeona kitu cha namna hiyo kwa Walokole. Uamsho ulioanzia Rwanda na Uganda miaka ya 1930, Gahini ikiwa mojawapo ya vitovu vyake, ulisambaa hadi Kenya, Burundi na Tanganyika, Bukoba ikiwemo. Mtu aliyeokoka aliungama hadharani, kisha akafunga safari kurudisha alichoiba au kulipa deni alilolikana. Walikuwa na ukali wao, na baadaye wengine waligawanyika juu ya mambo kama kukopa fedha; utakatifu usiposhikwa na tumaini hugeuka upelelezi.

Lakini watazame Wakikuyu Walokole baada ya hali ya hatari kutangazwa Kenya, Oktoba 1952. Kulikuwa na kiapo cha Mau Mau upande mmoja na bunduki za askari wa mgambo wa serikali upande wa pili. Madai ya ardhi yalikuwa ya haki, na nao walikuwa wana wa ardhi hiyohiyo. Wengi wao walikataa kiapo, na wengi walikataa pia bunduki. Kwa wapiganaji wa msituni walikuwa vibaraka, kwa serikali walikuwa watu wasioaminika. Baadhi waliuawa. Anayedhani kwamba utakatifu ni kukaa kando ya siasa aulize ni kando ipi waliyokaa hawa.

Janani Luwum, Askofu Mkuu wa Kanisa la Uganda, alitoka katika uamsho huohuo. Februari 1977 yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin kupinga mauaji na watu kutoweka. Tarehe 16 mwezi huo alikamatwa na kuuawa. Serikali ikasema ilikuwa ajali ya gari. Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, naye Mlokole, aliponea chupuchupu kwa kuvuka milima kwa miguu hadi Rwanda pamoja na mkewe. Akiwa uhamishoni alisema waziwazi kwamba amemsamehe Amin, na hakuacha kuyataja mauaji kuwa ni mauaji. Watu wengine huweza moja kati ya hayo mawili.

Linabaki suala la machozi, kwa sababu hapo ndipo tumaini linapotumiwa vibaya mara nyingi. Msibani, mjane anaambiwa asilie, Mungu ana makusudi yake, kana kwamba kilio ni upungufu wa imani. Wanaosema hivyo humnukuu Paulo, 1 Wathesalonike 4:13. Paulo hakuandika msihuzunike. Aliandika msihuzunike kama wengine wasio na matumaini, na kuna huzuni nzima iliyoruhusiwa ndani ya neno hilo “kama”. Katika Warumi 8 anasema viumbe vyote vinaugua, na sisi tulio na malimbuko ya Roho tunaugua pia, tukingoja. Yesu mwenyewe alilia kaburini kwa Lazaro, dakika chache kabla ya kumwita atoke, akijua atatoka. Mjane aachwe alie. Mchango wa arobaini ufike kwake mzima, na shamba la marehemu lisiguswe na shemeji.