Prague au Budapest? Mimi nakuuliza kwanza unaenda mwezi gani

Hili swali naletewa kila msimu. Mtu ananitumia voisi WhatsApp ndefuuu, ameona picha za Prague (mji mkuu wa Czech) kali, ameona za Budapest (mji mkuu wa Hungaria) nazo kali, ameangalia video mpaka macho yamemuuma na bado yuko palepale. Na sishangai, maana kwa picha tu hutoboi: zote mbili zina mto katikati, zina kasri juu ya kilima, zina madaraja ya kupigia picha, zina tram, na zote hazitumii euro ingawa ziko Umoja wa Ulaya. Mimi kazi yangu ni kupangia watu safari, na nikiulizwa hivyo nauliza mambo matatu: unaenda mwezi gani, unalala siku ngapi, na unaenda na nani. Uzuri tuuweke pembeni, uzuri upo kote.

Nianze na tofauti ambayo picha haziisemi. Prague ya katikati ni ya kale kwelikweli, vichochoro vya enzi za kati vinapinda huku na huku, daraja la Charles lilianza kujengwa mwaka 1357 chini ya mfalme Charles wa Nne, na ile saa ya ukutani pale uwanja wa Mji Mkongwe sehemu yake ya zamani zaidi ni ya 1410 na mpaka leo inatembea. Vita Kuu ya Pili iliugusa mji ila haikuubomoa. Budapest haikuwa na bahati hiyo, baridi ya 1944 kuingia 1945 ulizingirwa na jeshi la Kisovieti, Wajerumani wakawa wanarudi nyuma huku wanalipua madaraja ya mto Danube, yote, halikubaki hata moja. Kwa hiyo lile daraja la minyororo lenye sanamu za simba ambalo kila mtu analipost, la kwanza lilifunguliwa 1849, hili unalolipita leo lilijengwa upya na kufunguliwa 1949.

Na hata kabla ya vita Budapest kama mji mmoja bado mchanga, miji mitatu, Buda na Óbuda upande mmoja wa mto na Pest upande wa pili, iliunganishwa 1873 tu, halafu wakaanza kujenga kwa fujo kwa sababu 1896 walikuwa wanasherehekea miaka elfu moja tangu Wahungari wafike lile bonde la Carpathia. Ndio maana jengo la bunge na basilika la Mtakatifu Stefano yote yana urefu wa mita 96, hawakukosea kupima, ni kwa ajili ya mwaka 896. Na ile metro ndogo ya njano, laini ya M1, ilifunguliwa mwaka huohuo wa 1896, kwa Ulaya bara ndiyo metro ya kwanza ya chini ya ardhi, London walikuwa wameitangulia. Panda hata kama huna pa kwenda, vituo vyake vina vigae na nguzo za enzi zile na tiketi ni ileile ya kawaida.

Sasa hayo yote kwa msafiri yana maana gani? Prague imebanana, unatoka Mji Mkongwe unavuka daraja unapanda mpaka kasrini kwa miguu na njia nzima ni vitu vya kutazama. Budapest imetawanyika, barabara pana, majengo makubwa, kutoka bungeni mpaka ile bustani kubwa ya City Park hutaki kutembea, unapanda. Kwa hiyo mtu wa kulala siku mbili namwambia Prague bila mjadala, utauona mji na utaridhika. Budapest kwa siku mbili utaondoka unalalamika. Ila ukiwa na siku nne mambo yanageuka kabisa, Prague siku ya tatu unaanza kurudia vichochoro vilevile na watalii walewale, unatafuta treni ya kwenda Kutná Hora kuona lile kanisa la mifupa, wakati Budapest siku ya tatu ndio kwanza mji umekuzoea.

Mwezi. Hapa ndipo watu wengi hawafikirii kabisa. Wabongo na Wakenya wengi likizo yao ni Desemba, na Desemba kule jua linazama saa kumi jioni, narudia, saa kumi. Masoko ya Krismasi yapo miji yote miwili, ni mazuri, harufu ya mdalasini kila mahali, lakini ukishazunguka soko mara mbili na vidole vya miguu huvisikii, unafanya nini kutoka saa kumi na moja mpaka usiku? Prague jibu lake ni ukumbi wa muziki, makumbusho, au kukaa ndani unakunywa, na kama wewe si mtu wa bia basi orodha inapungua haraka. Budapest jibu lake ni maji moto.

Na hapa naomba nikae kidogo maana ndio sababu kubwa ya mimi kuegemea Budapest kwa safari za baridi. Chini ya ule mji kuna chemchemi za maji moto zaidi ya 100, yanatoka ardhini yenyewe, na wenyeji kuoga humo ni maisha ya kawaida, utakuta wazee wamesimama ndani ya maji wanacheza chesi. Bafu kubwa maarufu ni Széchenyi, lilifunguliwa 1913, lipo City Park na M1 inakushusha mlangoni, lina mabwawa ya nje na ya ndani, na kile cha kufanya ni kwenda na baridi, kichwa kiko kwenye nyuzi sifuri na mwili uko kwenye maji ya nyuzi 38 hivi, mvuke unapanda humwoni hata mwenzako. Gellért ambalo mtaliona kwenye kila video ya zamani limefungwa kwa ukarabati mkubwa tangu Oktoba 2025 kwa hiyo msiende kugonga mlango. Rudas ndilo ninalolipenda mimi, lilijengwa na Waturuki karne ya 16 wakati Wauthmaniyya wanatawala Buda (waliichukua 1541 wakaja kutolewa 1686), bwawa lina pembe nane chini ya kuba, na vitundu vidogo juu vinaingiza mwanga wa rangi.

Dada zangu wa Kiislamu huwa wananiuliza hili faragha kwa hiyo nalisema wazi: Széchenyi ni mchanganyiko, wanaume na wanawake na kila mtu na nguo ya kuogelea. Ila Rudas lile bwawa la Kituruki limekuwa na utaratibu wa siku ya wanawake peke yao, Jumanne, hakikisha kwenye ratiba yao kabla hujalipa maana huwa wanabadilisha. Wenye watoto nao waangalie masharti ya umri kabla ya kuwaahidi, mabafu mengi hayapokei wadogo. Beba kandambili zako na taulo, kukodi pale ni hela ya bure, na tiketi ya kabati na tiketi ya chumba cha kubadilishia ni bei mbili tofauti, kama mko wawili chukueni chumba kimoja inatosha. Na ukiwa upande ule wa Buda panda mpaka kaburi la Gül Baba, dervishi (sufi) wa Kituruki aliyefariki 1541, pana bustani ya mawaridi na utulivu, watalii wengi hata hawajui kama papo.

Kiangazi sasa hesabu inabadilika. Juni jua Prague linazama kama saa tatu na robo usiku, una mchana mrefu wa kutembea na mji wenyewe ni wa kutembea, tatizo lake ni watu. Daraja la Charles saa tano asubuhi Julai huwezi hata kusimama vizuri, unasukumwa tu. Nenda saa kumi na moja na nusu alfajiri, kuna mwanga tayari, utakuta wapiga picha za harusi na wafagiaji basi. Budapest kiangazi joto linakamata kweli, zile barabara pana zinachemka, lakini una kisiwa cha Margaret katikati ya mto kwa ajili ya kivuli. Mimi Aprili, Mei na Septemba napeleka popote, miezi hiyo hakuna kosa.

Unaenda na nani? Kama unaenda na mama na magoti yake si ya kusukumana nayo, jua kwamba Prague barabara ni mawe madogomadogo ya kupangwa, mteremko na mpando, kigari cha mtoto kinakurukia mikononi. Ujanja ni kupanda tram namba 22 mpaka kituo cha Pražský hrad, hapo uko juu tayari, unaingia kasrini halafu unateremka polepole, usianze chini. Pest ni tambarare kabisa, na tram namba 2 inaambaa na Danube kupita bungeni, mama anakaa dirishani anaona nusu ya mji kwa bei ya tiketi moja.

Chakula nitapita haraka. Kote nguruwe ni mfalme. Prague jaribuni svíčková, nyama ya ng'ombe na mchuzi mzito wa krimu na vile vipande vya unga wanaviita knedlíky. Budapest gulyás ni supu ya ng'ombe na paprika lakini kwa asiyekula nguruwe uliza kwanza, kwa desturi kitunguu kinakaangwa na mafuta ya nguruwe, watu wanadhani wakisoma "beef" yameisha. Migahawa ya Kituruki na ya Kiarabu ipo miji yote miwili, hutalala njaa.

Hela. Koruna kwa Wacheki, forint kwa Wahungari, euro moja miaka hii inacheza koruna 24 au 25, na forint kama 350 mpaka 400 na kitu, kwa hiyo ukiona menyu imeandikwa 6,000 usizimie. Lipeni kwa kadi, na mashine ikiuliza ukatwe kwa dola, shilingi au hela ya pale, siku zote chagua hela ya pale. Zile ATM za rangi kali zilizojaa njia za watalii zipite, tafuta ya benki. Prague maduka ya kubadilisha hela yana historia mbaya mpaka wakaweka sheria, tangu 2019 ukibadilisha keshi isiyozidi thamani ya euro 1,000 una haki ya kurudi ndani ya saa tatu ukafuta muamala, tunza risiti.

Viza, hapa ndio naomba msome pole pole. Nchi zote mbili ziko Schengen, lile eneo la nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipakani kati yao, viza moja inaingia kote, ada ni euro 90 kwa mtu mzima, bima ya kuanzia euro 30,000, na unaweza kuomba mpaka miezi sita kabla. Unaomba kwa nchi utakayolala siku nyingi zaidi, zikiwa sawa ndio inaangaliwa unapoingilia kwanza. Ushauri wangu usiziache sawa, weka tatu na nne, ofisa akisoma ratiba yako asiwe na cha kuuliza. Kwa hiyo mtu anayetaka miji yote miwili bado anachagua, anachagua mji wa kuulalia zaidi, na huo ndio unaamua ubalozi. Ndege nazo: ukiunganishia Doha, Dubai au Istanbul unakutana na uhamiaji wa Schengen mwisho wa safari, ukichelewa foleni hakuna kinachoharibika. Ukiunganishia Amsterdam au Frankfurt unakutana nao katikati, na tangu Oktoba 2025 wameanza mfumo mpya wa kuandikisha wageni kwa picha na alama za vidole, sasa nafasi ya saa moja kati ya ndege na ndege mimi sikati tiketi ya hivyo.

Na ukiweza, kata tiketi ya kuingilia Prague na kutokea Budapest, katikati panda treni, ni kama saa saba, inapita Brno na Bratislava. Kaa upande wa kulia ukielekea Budapest, maana ukishavuka mpaka wa Hungaria reli inaambatana na Danube, na ng'ambo ya pili unaliona boma la Visegrád juu ya mlima. Ukigeuza safari basi kaa kushoto.

Kulala, Prague msilale Mji Mkongwe kabisa, bei juu na kelele za walevi wa wikiendi, nenda Vinohrady, metro A inakufikisha katikati dakika chache. Budapest tafuta karibu na Deák Ferenc tér, hapo M1, M2 na M3 zinakutana na basi la uwanja wa ndege 100E linaishia hapohapo, ila basi hilo lina tiketi yake, ile ya siku haifanyi kazi humo na wakaguzi hawana huruma. Wilaya ya VII ni rahisi na ina vile vilabu vya kwenye majengo chakavu, ila kama chumba kinatazama barabarani jua hutalala kabla ya saa tisa usiku.

Mwenye tarehe tayari aandike hapo chini mwezi, siku na idadi ya watu, wa Desemba waanze maana nafasi za kuomba viza ndizo zinazowahi kujaa.