Kumpima mgonjwa wa kiharusi kabla ya kumpangia mazoezi

Ndugu wa wagonjwa wa kiharusi huniuliza swali moja kabla ya mengine yote: mazoezi yanaanza lini? Nikiwajibu kwamba kwanza nitampima mgonjwa wao, na kwamba upimaji huo huenda ukachukua muda wote tuliopewa siku hiyo, baadhi yao huona siku imepotea bure. Mimi naiona siku hiyo kuwa yenye kazi nzito kuliko zote zitakazofuata, kwa sababu mkono usioinuka unaweza kuwa na sababu kadhaa zilizo mbalimbali kabisa, na zoezi linalofaa kwa sababu moja linaweza lisifae kitu kwa nyingine. Huenda misuli imekosa nguvu. Huenda nguvu ipo kiasi, ila misuli inayovuta upande wa pili imekakamaa, au imekwisha kufupika. Huenda mgonjwa hahisi mkono wake uko wapi, au ubongo umeacha kabisa kuutambua upande huo wa mwili. Kwa mtu anayepita wodini wagonjwa hao wote ni wamoja: wamepooza upande.

Naanza kwa kutazama kabla sijagusa. Nataka kuona mgonjwa ameelemea tako lipi anapokaa ukingoni mwa kitanda, bega limeshuka kiasi gani, na mkono uliopooza umewekwa vizuri mapajani au umeachwa unaning'inia. Kisha naongea naye, na hapa huwaomba ndugu, kwa heshima, wasimjibie. Namwambia mgonjwa afumbe macho, bila mimi kuonyesha ishara yoyote kwa uso au kwa mkono. Asipofumba, inanibidi nijue kwanza kama hasikii, haelewi au hawezi, kwani vipimo vya hisi nitakavyofanya baadaye hutegemea majibu yake.

Kupima nguvu kunaonekana rahisi, na ndiko kunakopotosha zaidi. Kipimo cha 0 hadi 5 kinachojaa katika mafaili yetu, ambapo 0 ni msuli usiojikaza kabisa na 5 ni nguvu kamili, kilitolewa nchini Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1940, wakati wa vita, kwa ajili ya majeraha ya neva za pembeni, yaani zile zilizo nje ya ubongo na uti wa mgongo, ambako msuli mmojammoja unaweza kujaribiwa peke yake. Mgonjwa wa kiharusi mara nyingi hawezi kuutenga msuli mmoja: ukimwambia anyooshe mkono ashike kikombe, bega linapanda, kiwiko kinajikunja na vidole vinafumba kwa pamoja. Ukiandika "3" hapo, namba hiyo haimwambii mwenzako chochote kuhusu kinachomzuia mgonjwa kukifikia kikombe. Ndiyo maana kwa mkono wa kiharusi napendelea kipimo cha Fugl-Meyer, kilichochapishwa mwaka 1975 nchini Sweden, ambacho huuliza kama mgonjwa ameanza kuvitenganisha vitendo hivyo, na huupa mkono alama zisizozidi 66. Kinachukua muda, sikatai.

Kuhusu kukakamaa kwa misuli nitakaa kidogo, kwa kuwa hapo ndipo nionapo wanafunzi wakikosea. Mkakamao utokanao na kuumia kwa ubongo hutegemea kasi: kadiri unavyouvuta msuli kwa haraka, ndivyo unavyokataa zaidi. Msuli uliofupika hukataa hata ukiuvuta polepole. Kipimo cha Ashworth kilichoboreshwa mwaka 1987, chenye ngazi sita kuanzia 0 hadi 4 pamoja na ile ya 1+, hakiwezi kuyatenganisha vizuri mambo hayo mawili, kwa sababu hutumia kasi moja tu, ya takriban sekunde moja kwa mwendo mzima wa kiungo. Kipimo cha Tardieu hutumia zaidi ya kasi moja.

Tuchukue kiwiko. Mgonjwa amelala chali, kichwa kimenyooka, nami nimeshika juu kidogo ya kiwiko kwa mkono mmoja na kifundo cha mkono kwa mwingine. Nakinyoosha kiwiko polepole kadiri niwezavyo, na kinafika karibu kabisa na kunyooka. Nyuzi 10 tu zinabaki. Nakirudisha, kisha nakinyoosha kwa kasi yote, na safari hii kinakwama ghafla kikiwa bado kimekunjwa nyuzi 70. Tofauti hiyo kubwa inaniambia kwamba msuli una urefu wa kutosha na tatizo liko katika mwitikio wa neva. Kama kingekwama kwenye 70 kwa kasi zote mbili, ningeanza kufikiria misuli na kano zilizofupika, na mipango yangu ingegeukia kulaza mkono katika hali ya kuvutika kwa muda mrefu, pengine kwa banzi. Sirudii mara nyingi, kwani kule kuvutavuta kwenyewe hubadilisha majibu.

Refleksi, yaani misuli kujikaza yenyewe kano zake zikigongwa, napima, lakini mara nyingi daktari amekwisha kuzieleza kwenye faili, na hazinisaidii sana kupanga mazoezi. Hisi zinanisaidia. Ninapopima kama mgonjwa anajua kidole gumba cha mguu kimeelekea juu au chini, nakishika pembeni, kushoto na kulia kwake. Ukikishika juu na chini, msukumo wa vidole vyako unampa jibu. Baada ya hapo namgusa mikono yote miwili kwa wakati mmoja akiwa amefumba macho. Wapo wanaohisi kila mkono ukiguswa peke yake, lakini mikono ikiguswa pamoja hutaja wa kulia tu. Mgonjwa wa namna hiyo, ambaye aghalabu ameumia upande wa kulia wa ubongo, ndiye anayekula wali wa upande mmoja wa sahani na kudai amemaliza, na kumwagiza nyumbani mazoezi ya mkono wa kushoto kabla ya kumfundisha kuugeukia upande huo ni kumpa kazi asiyoiona.

Mwisho napima shughuli. Kipimo cha Berg chenye vipengele 14 kinanipa picha ya jinsi anavyojimudu asianguke, na kule kunyanyuka kitini, kutembea mita 3, kugeuka na kurudi kukaa kunanipa sekunde za kulinganisha. Hata hivyo, mama anayetaka kurudi kukalia mbuzi akune nazi anahitaji nimwone akishuka hadi kwenye kigoda cha chini, akiinama mbele bila kuanguka na kushika kifuu kwa mikono miwili, jambo ambalo vipimo hivyo viwili havikulitarajia. Kwa hiyo nalipima hivyohivyo, na kwenye faili naandika urefu wa kigoda, alishika wapi, nani alisimama karibu naye, na kwamba ilikuwa saa nne asubuhi kabla hajachoka, ili atakayempima baada ya wiki mbili ampime katika hali ileile.