Kulala si usingizi

Kwa mara ya tatu mwezi huu nimemsikia mwanafunzi wa chuo akisema pombe inampa "usingizi bora". Akinywa tu, kichwa kikigusa mto, keshazimika.

Ubora wa usingizi ni namna usingizi wenyewe ulivyokuwa: umechelewa kuja au la, umekatika mara ngapi, mchana unasinzia au uko macho. Dodoso la Pittsburgh la mwaka 1989, linalotumika sana kuupima, lina vipengele 7. Muda wa kulala ni kimoja tu. Alama ni 0 hadi 21, na zikizidi 5 usingizi wako ni duni.

Kinachonikera ni kwamba Kiswahili kilishatenganisha mambo haya zamani. Kulala unalala mwenyewe, hata kwa kujinyoosha tu kitandani macho yakiwa darini. Usingizi haufanywi: unakuja, unakuchukua, unapaa. Ndiyo maana mtu hulala usiku kucha na asipate hata lepe la usingizi. Tena tunaujua kwa aina zake: kuna usingizi wa pono, na kuna wa mang'amung'amu.

Pombe inakulaza upesi, hilo kweli. Nusu ya kwanza ya usiku huibana ile hatua ya usingizi ambamo ndoto nyingi huotwa. Mwili ukishaimaliza pombe, hatua hiyo hurudi kwa kishindo na usingizi unaanza kukatikakatika.

Kwa mwenye kiwewe, yaani jeraha la moyoni linaloachwa na tukio la kutisha, hapo ndipo penye uchungu. Wengi wao hawanywi kwa starehe. Wanazikimbia ndoto za lile lililowapata. Saa tano usiku zinanyamaza. Saa tisa zinamrudia, anakurupuka fulana imelowa jasho, moyo unamdunda, na mwenzake wa chumbani anajifanya hajasikia. Kesho yake kachoka, anauogopa usiku, anaongeza glasi. Nami simlaumu, maana ile nafuu ya saa tano aliipata kweli, na ndiyo inayomdanganya. Kiwewe kinatibika, na jinamizi lake pia, lakini atakayemtibu lazima aambiwe habari za saa tisa.

Kwa hiyo rafiki yako akisema pombe inampa usingizi bora, usimbishie. Mwambie pombe inamlaza, kisha muulize, kama tunavyosalimiana kila asubuhi: umeamkaje?