Fyuzi Inalinda Waya, Hailindi Taa: Dhana Potofu kuhusu Kisanduku cha Ziada cha Fyuzi

Kuna sentensi moja ambayo nimeisikia mara nyingi mno kutoka kwa wateja wanaoniletea magari yao ya porini ili niwafungie kisanduku cha ziada cha fyuzi, au nirekebishe kile walichokifunga wenyewe: "Fundi, fyuzi ilikuwa inakatika kila mara, nikaweka kubwa zaidi, ikatulia." Mteja wa mwisho kuniambia hivyo alikuwa na furaha ya mtu aliyepata dawa, ilhali nyuma ya dashibodi yake waya ulikuwa umekwisha kuanza kuungua.

Kisanduku cha ziada ni kazi ya busara. Badala ya kurundika pete za waya kwenye vichwa vya betri hadi nati zikose mahali pa kushika, taa, friji, pampu ya upepo na redio ya mawasiliano hukusanywa mahali pamoja, kila kifaa kikiwa na saketi yake na fyuzi yake. Lakini kazi hiyo hiyo hugeuka kuwa chanzo cha moto pale mfungaji asipojua fyuzi imewekwa ili imlinde nani.

"Fyuzi inalinda kifaa, kwa hiyo ikikatika mara kwa mara weka kubwa zaidi"

Fyuzi inalinda waya. Kifaa kilichopata shoti ndani yake kimekwisha kuharibika kabla fyuzi haijakatika, na fyuzi haiwezi kukirudishia uhai. Inachoweza kufanya ni kuzuia waya unaokilisha kifaa hicho usibebe mkondo unaozidi uwezo wake kwa muda wa kutosha kuyeyusha ganda lake. Ndiyo maana mpangilio wa kuchagua una hatua tatu ambazo hazibadilishani nafasi: kwanza ujue mkondo wa kifaa, kisha uchague waya unaoubeba mkondo huo bila kupata joto la kutisha, na mwisho uchague fyuzi iliyo kubwa kidogo kuliko mkondo wa kifaa lakini ndogo kuliko uwezo wa waya. Anayeongeza ukubwa wa fyuzi bila kubadilisha waya ameivuruga hatua ya tatu, na kuanzia hapo ni waya wenyewe uliogeuka kuwa fyuzi.

Tufanye hesabu, kwa sababu hesabu ndiyo inayonyamazisha ubishi. Taa ya wati 120 kwenye mfumo wa volti 12 inavuta takriban ampea 10. Waya wa shaba wa 1.5, yaani wenye eneo la milimita za mraba 1.5, una ukinzani wa karibu ohmu 0.0115 kwa kila mita, hivyo ukibeba ampea 10 unatoa joto la wati 1.15 kwa kila mita, ambalo ni dogo na hupotea hewani. Ukiulazimisha kubeba ampea 30, joto halipandi mara tatu. Linapanda mara tisa, kwa sababu joto hufuata mraba wa mkondo, na sasa waya uleule unatoa zaidi ya wati 10 kwa kila mita, tena ukiwa umebanwa ndani ya bomba la plastiki pamoja na nyaya nyingine zisizopata hewa.

Wateja wengi hudhani kwamba hata hivyo fyuzi ya 30 itakatika mara tu mkondo utakapofika ampea 30. Haikatiki. Fyuzi bapa za magari hutengenezwa kwa viwango vinavyozitaka zibebe asilimia 110 ya mkondo wake kwa saa 100 bila kukatika, na kwenye asilimia 135 zinaruhusiwa kuchukua hadi dakika 10 kabla hazijakatika. Maana yake ni kwamba fyuzi yako ya kijani ya 30 inaweza kupitisha ampea 33 kwa zaidi ya siku nne, na inaweza kupitisha ampea 40 kwa dakika kadhaa. Kwenye waya wa 1.5, ampea 40 ni zaidi ya wati 18 za joto kwa kila mita, na dakika kumi zinatosha kabisa kuligeuza ganda la plastiki kuwa uji.

Gari la mteja yule lilikuwa na taa moja ya wati 120 iliyofungwa kwa waya wa 1.5 na fyuzi ya bluu ya 15, na mpangilio huo haukuwa na kosa. Baadaye akanunua taa ya pili inayofanana na ile ya kwanza, akaiunga kwenye waya uleule. Mzigo ukawa ampea 20, sawa na asilimia 133 ya fyuzi, na fyuzi ikafanya kile ilichoundwa kufanya: taa ziliwaka kwa dakika chache, kisha zikazima zote mbili. Hapo ndipo alipoweka ya kijani. Nilipofungua dashibodi nilikuta ganda jekundu la waya limegeuka rangi ya kahawia kwa urefu wa karibu mkono mzima, na nilipoupinda waya kwa vidole, ganda lilikatika vipande na nyuzi za shaba zikabaki uchi, nyeusi. Waya wa jirani, ambao haukuhusika kabisa na taa, ulikuwa umenatana nao kiasi kwamba ilinibidi niutenganishe kwa kisu na kuubadilisha. Niliondoa vyote, nikazipa taa saketi mbili tofauti, kila moja ikiwa na waya wa 2.5 na fyuzi ya 15, na fyuzi hizo za bluu hazijakatika tangu siku hiyo.

Fyuzi inayokatika inakupa habari, nami nawasihi wateja wangu waisikilize kabla ya kwenda dukani. Ikikatika papo hapo unapowasha, tafuta shoti. Ikikatika baada ya dakika kadhaa za kufanya kazi vizuri, tafuta mzigo uliozidi, au mota iliyoanza kuchoka na kuvuta mkondo mwingi kuliko zamani. Ikikatika gari linapopita kwenye mashimo tu, fuatilia waya sentimita kwa sentimita, hasa pale unapopenya kwenye bati linalotenganisha injini na kabini, kwa sababu mara nyingi utakuta tundu halina mpira wa kinga na ukingo wa bati unalikata ganda kila gari linapotikisika. Katika hali zote tatu, fyuzi kubwa zaidi haitibu chochote.

"Kisanduku kimejaa fyuzi, kwa hiyo waya mkubwa wa kutoka betri hauhitaji fyuzi"

Dhana hii ni ndugu wa ile ya kwanza, na kwa hatari huenda inaizidi. Fyuzi hulinda kile kilicho mbele yake tu, upande wa mzigo. Zile zilizo ndani ya kisanduku zinalinda nyaya zinazotoka kisandukuni kwenda kwenye vifaa, lakini kipande kizima kati ya kichwa chanya cha betri na kisanduku kinabaki bila mlinzi, nacho ndicho kinene kuliko vyote na ndicho kinachopita karibu na injini inayotikisika. Betri ya kawaida ya gari ikipigwa shoti inaweza kutoa mamia ya ampea, na ikiwa na chaji nzuri huvuka hata 1,000. Volti 12 hazitakurusha, ni kweli, lakini mkondo huo unaweza kuufanya waya uwe mwekundu kama mkaa kwa sekunde chache, na hakuna swichi yoyote ndani ya gari inayoweza kuuzima. Fyuzi kuu lazima iwepo, na iwe karibu na betri kadiri inavyowezekana. Mimi sikubali izidi sentimita 20 kutoka kwenye kichwa cha betri, kwa sababu kila sentimita iliyo kabla ya fyuzi hiyo haina ulinzi.

Wale wanaokubali kuiweka huniuliza mara moja kama ukubwa wake unapaswa kuwa sawa na jumla ya fyuzi zote za kisandukuni. Hapana. Fyuzi kuu huchaguliwa kwa uwezo wa waya mkuu na kwa mzigo unaotarajiwa kwa wakati mmoja. Saketi sita zenye fyuzi za 10, 10, 15, 15, 20 na 30 zina jumla ya ampea 100, lakini ni nadra taa zote, friji, redio na pampu ya upepo kufanya kazi pamoja kwa mkondo wao wa juu kabisa, hivyo waya wa 16 wenye fyuzi kuu ya 80 unatosha na unabaki salama. Ikitokea mtu akawasha kila kitu na fyuzi kuu ikakatika, itakuwa imetimiza wajibu wake. Soma pia maandishi yaliyo kwenye kisanduku chenyewe, kwa maana kila kisanduku kina kikomo cha ampea kwa saketi moja na kikomo kingine kwa jumla, na nafasi 12 za fyuzi hazimaanishi kwamba unaweza kuvuta ampea 30 katika kila moja.

Nyingine ninazozisikia karibu kila wiki

"Arthi ni popote penye chuma." Mkondo unaokwenda kwenye kifaa ndio unaorudi, ampea kwa ampea, kwa hiyo waya wa arthi, yaani ule wa kuurudisha mkondo betrini, unastahili unene uleule wa waya chanya, na mahali unapofungwa pasiwe na rangi wala kutu. Washa kifaa, kisha pima volti kati ya upande hasi wa kifaa na kichwa hasi cha betri. Nikikuta zaidi ya volti 0.2 ninafungua boliti na kupiga msasa upya. Katika magari mengi ya kisasa yenye kihisi cha betri kwenye kichwa hasi, usifunge arthi ya kisanduku juu ya kichwa hicho, ifunge kwenye sehemu ya arthi ya chasi au bodi, la sivyo kompyuta ya gari haitauona mkondo unaoutumia na hesabu yake ya chaji itapotoka.

"Kulehemu ni imara kuliko kubana." Mezani huenda ikawa hivyo, lakini gari la porini halikai mezani. Lehemu hunyonywa na nyuzi za waya na kuzifanya ziwe ngumu kama msumari, na pale ugumu huo unapokoma ndipo waya unapokatika baada ya mtikisiko wa miezi michache. Nunua koleo zuri la kubania, lile lisiloachia mpaka libane hadi mwisho, na ufunike kila kiungo kwa mpira wa kusinyaa kwa joto wenye gundi ndani. Nikiruhusiwa kumshauri mtu anunue kifaa kimoja tu, nitamwambia anunue koleo hilo.

"Waya ni mnene, utabeba." Unene unaouona ni wa ganda. Fungua ncha na uikwaruze kwa kisu: ikionekana nyeupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, yenye ukinzani wa takriban mara moja na nusu ya ule wa shaba halisi, na majedwali ya uwezo wa waya uliyoyasoma hayauhusu.

"Relei yoyote itafaa kuwasha kisanduku kwa swichi ya gari." Relei ni swichi inayowashwa na mkondo mdogo unaopita kwenye koili yake, na ile ya starta imetengenezwa ifanye kazi kwa sekunde chache, si kwa saa nane za safari, na koili yake hupata joto hadi ikaungua. Tafuta relei iliyoandikwa kwamba inafanya kazi mfululizo, na uhakikishe kwamba waya mwembamba unaoiamrisha nao una fyuzi yake ndogo.

"Winchi nayo ipite kisandukuni ili mambo yawe nadhifu." Winchi inayovuta gari lililonasa hutumia mamia ya ampea. Ina nyaya zake kutoka betri, na kisanduku hakihusiki nayo.

"Nimejaza silikoni, maji hayataingia." Silikoni inayonuka siki hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo inakula shaba, tena maji yakishapenya kwa ndani kupitia nyuzi za waya, hayapati njia ya kutoka. Funga kisanduku juu kadiri nafasi chini ya boneti inavyoruhusu, mbali na bomba la moshi, kikiwa kimesimama wima huku nyaya zikitokea upande wa chini, na kila waya uupe mkunjo unaoshuka chini kidogo kabla haujapanda kuingia kisandukuni, ili tone linaloteleza juu yake lidondokee kwenye mkunjo huo.