"Alitoka Mwenyewe": Dhana Potofu Kuhusu Mbwa na Paka Wanaoumia Mtaani

Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro ya alfajiri. Mbwa wa kahawia alikuwa amelala ndani ya mtaro wa barabara yetu, mguu wa nyuma umevunjika, anahema kwa kasi. Kijana wa bodaboda aliyemgonga alikuwa amekaa ukingoni, suruali imechanika, anajifuta damu ya goti. Karibu kila aliyesimama pale alijua mbwa ni wa nyumba gani, lakini hakuna aliyekwenda kubisha hodi. Nilipogonga geti, mwenyewe alitoka na kikoi chake, akamtazama mbwa kwa mbali, akasema: "Sasa mimi nifanyeje, jamani? Alitoka mwenyewe."

Ninafuga mbwa wawili na paka hapa Dar es Salaam, na maneno hayo nimeyasikia mara nyingi kuliko ninavyopenda. Nayaandikia kwa sababu mambo mengi yanayowaua wanyama wetu mtaani yanaanzia hapo, pale mtu anapoamini kwamba mnyama akishavuka geti si juu yake tena.

"Mbwa anajua njia, atarudi"

Anaijua njia, ndiyo. Asichokijua ni mwendo wa daladala. Mbwa haelewi kwamba taa mbili zinazokuja zitamfikia kabla hajamaliza kuvuka, na paka akishtuka katikati ya barabara mara nyingi hurudi alikotoka, chini ya tairi lenyewe.

Tena hatoki bila sababu. Dume hunusa jike linalotaka dume kutoka mbali, akachimba hata chini ya ukuta. Mwenye njaa hufuata harufu ya jalala. Aliyefungwa mnyororo tangu asubuhi, jioni akifunguliwa hukimbia kama maji yaliyovunja kingo. Wengine hukimbizwa na baruti za sikukuu au radi, wakajikuta mtaa wasioujua. Kila sababu katika hizo iko ndani ya uwezo wa mfugaji kuipunguza: chakula cha kutosha, kumhasi dume, kumtembeza, kumwingiza ndani usiku wa fataki, kuziba tundu.

Yule jirani, tulipokuwa tunamsubiri daktari wa mifugo, aliniambia kwamba tundu la chini ya geti analijua tangu mwaka jana. Matofali matatu yangetosha kuliziba.

Kuna pia desturi ya kuwafungulia mbwa usiku "walinde mtaa". Mbwa anayelinda hukaa ndani ya ua wa nyumba anayoilinda. Aliyeko njia panda saa nane usiku hamlindi mtu yeyote; anamtisha muuguzi anayerudi kutoka zamu na muuza maziwa anayetangulia jua.

"Aliyemgonga ndiye atakayelipa"

Hapa watu hushangaa. Katika kanuni za fidia ambazo Tanzania na Kenya tulizirithi kutoka Uingereza, mtu ambaye uzembe wake umemdhuru mwenzake anaweza kudaiwa. Kumwacha mbwa azurure kando ya barabara yenye magari kunaweza kuhesabiwa kuwa uzembe. Kwa hiyo lile goti la kijana wa bodaboda, na pikipiki yake iliyopinda, vingeweza kugeuka deni la mwenye mbwa. Na kama mfugaji alijua kwamba mbwa wake ana tabia ya kukimbiza pikipiki au kuuma, mzigo wake ni mzito zaidi, maana hawezi kusema hakutarajia.

Hilo halimpi dereva ruhusa. Anayemlenga mnyama kwa makusudi, au anayemkuta amelala akampiga mateke kumwondoa njiani, anatenda ukatili. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na Kenya ina sheria yake ya kuzuia ukatili dhidi ya wanyama, Sura ya 360. Zote mbili zinamhusu pia mwenye mnyama: kumwacha ateseke bila sababu, hata kwa kutofanya lolote, ni kosa. Kwa maana hiyo kufunga geti na kurudi kulala huku mbwa wako analia mtaroni si jambo la kifamilia tu.

Nani alipe ni mazungumzo ya mchana, mbele ya mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa, watu wakiwa wametulia. Saa ya kwanza ni ya mgonjwa.

"Amesimama, basi amepona"

Hii ndiyo inayoniuma kuliko zote, kwa sababu wanaoiamini si watu wabaya. Wanampenda mnyama wao na wanashukuru kumwona akitembea. Lakini mnyama aliyegongwa anaweza kuinuka, akatembea hadi nyumbani, akalala uvunguni, na kufa baada ya saa chache kwa damu inayovuja tumboni. Kibofu kinaweza kupasuka bila jeraha lolote nje. Vivyo hivyo ukuta wa nyama unaotenga kifua na tumbo.

Tazama fizi. Zikiwa na rangi ya waridi, afadhali. Zikiwa nyeupe kama karatasi, usingoje kukuche. Tazama pumzi, tazama kama anakojoa. Mbebe juu ya ubao, mlango wa kabati au gunia lililovutwa pembe nne, mgongo usipinde. Na kumbuka kwamba maumivu hayamjui bwana: mbwa aliyekulamba jana anaweza kukuuma leo. Kitambaa kilichozungushwa mdomoni husaidia, ila usimfunge kama anatapika au anapumua kwa shida. Paka mviringishe kwenye taulo au kanga, umwache kichwa nje.

Halafu kuna dawa zetu za nyumbani. Panado. Nasema wazi: kidonge kimoja cha panado kinaweza kumuua paka. Mwili wake hauwezi kuivunja dawa ile ipasavyo. Damu inashindwa kubeba hewa, fizi zinageuka rangi ya udongo au buluu, uso na miguu huvimba. Diklofenaki tunazonunua dukani kwa maumivu ya mgongo zinaweza kutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo zake. Oili chafu ya gari, ambayo watu huipaka kwenye vidonda na ukurutu, mnyama huilamba yote, ikawa sumu juu ya jeraha. Maji safi yenye chumvi kidogo yanatosha kuosha kidonda njiani kwenda kwa daktari. Usichelewe sana: katika joto la huku kwetu, nzi wakitaga kwenye kidonda, funza wanaweza kuonekana siku ya pili tu.

"Akinywa maziwa, sumu inakwisha"

Maziwa si dawa ya sumu. Ukimmiminia mdomoni mnyama anayetetemeka au aliyezimia, yanaingia mapafuni, na sasa una matatizo mawili.

Sumu za mtaani hazifanani. Zile za kuulia wadudu zilizochanganywa na nyama humfanya mnyama atokwe na udenda, aharishe na kutetemeka, wakati mwingine ndani ya dakika chache, na daktari anayo sindano ya kuzipinga akifika mapema. Baadhi ya sumu za panya huenda kimyakimya: mbwa anakula leo, siku tatu au nne anaonekana mzima, kisha anaanza kutoka damu puani, kwenye fizi, kwenye kinyesi. Hizo nazo zina tiba, vitamini K, lakini lazima daktari ajue anapambana na nini. Kama umeona pakiti, ichukue. Pakiti hiyo inaweza kumwokoa kuliko jagi zima la maziwa.

Na tuseme ukweli kuhusu wanaotega. Wengi wameliwa kuku. Mama aliyetotolesha vifaranga kumi na wawili, akaamka akakuta wanne, ana haki ya kukasirika, na mwenye mbwa au paka ana wajibu wa kulipa kuku wale bila kusubiri kuitwa. Haki asiyokuwa nayo ni ya kutega sumu. Kanuni za adhabu za nchi zetu zinamtia hatiani anayemuua au kumjeruhi mnyama wa mtu kwa makusudi na bila uhalali, na nyama yenye sumu haichagui: huliwa na mbwa asiyehusika, na kunguru, na kuku walewale waliokuwa wakilindwa, na inaweza kuokotwa na mtoto anayetambaa. Nimeona mitaa miwili ikinuniana kwa miaka kwa sababu ya kuku ambao thamani yao isingefika hata bei ya sindano moja. Nenda kwa jirani yako kabla hajaenda dukani kununua sumu.

"Huyo si wangu, ni wa mtaa"

Mbwa koko wasio na mtu kabisa ni wachache kuliko tunavyodhani. Watafiti waliofanya kazi vijijini Tanzania, hasa maeneo yanayozunguka Serengeti, walikuta mbwa wengi wanaozurura wana nyumba wanazolala na watu wanaowatambua. Tunaita "wa mtaa" mbwa ambaye mchana hana mwenyewe na usiku analinda kwa mtu. Ukimpa makombo kila jioni, ukampa jina, watoto wako wakamwita akaja, huyo amekwisha kuwa juu yako, angalau kwa chanjo.

Chanjo si jambo la hiari katika akili yangu. Kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao Asia na Afrika. Karibu wanne katika kila kumi ni watoto wa chini ya miaka 15, na takriban wote waliambukizwa na mbwa. Dalili zikishatokea, tiba hakuna. Lakini mbwa 7 katika kila 10 wakichanjwa, ugonjwa hukosa pa kupita. Pemba walionyesha. Kwa chanjo za kampeni, kisiwa kiliutokomeza mwaka 2014; ukaingia tena 2016; wakachanja upya, na 2018 ukaondoka tena. Tukio hilo la 2016 ndilo ninalowaambia wenzangu wanaosema walichanja mwaka juzi inatosha.

Mnyama aliyejeruhiwa mtaani na kichaa vinakutana mahali pamoja: mkono wa msamaria. Ukiumwa, hata kama ni mkwaruzo, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo. Usipake pilipili, usipake majivu. Mwenye mbwa alete kadi ya chanjo, na mbwa afungiwe na kutazamwa siku 10. Ukimuua na kumtupa papo hapo, daktari hana tena wa kumtazama.

"Mimi Mwislamu, mbwa simgusi"

Hili huulizwa sana mitaa ya kwetu na linastahili jibu la heshima. Sisi tuliosoma chuoni, yaani madrasa, tulisimuliwa habari ya mtu aliyeshuka kisimani, akajaza maji kiatu chake, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe. Tulisimuliwa pia habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa sana pwani, unyevu wa mbwa ni najisi na una namna yake ya kutohara, mara saba, moja kwa udongo. Najisi inayooshwa si sababu ya kumwacha afe. Chukua gunia, mvute kivulini, mwekee maji, mpigie simu ofisa mifugo wa kata.

"Lazima azae mara moja kwanza"

Hapana. Hakuna faida ya kiafya inayomngoja jike kwenye mimba ya kwanza. Paka anaweza kubeba mimba akiwa na miezi mitano hivi na huzaa baada ya wiki tisa. Wale watoto unaowatia kwenye boksi na kuwaacha sokoni ndio watakaogongwa mwezi ujao. Kwa dume, kuhasiwa hakuondoi ukali wa kulinda nyumba. Hupunguza hamu ya kuruka ukuta.

"Basi nitamfunga mnyororo maisha yake yote"

Wapo wanaotoka upande mmoja wakaangukia upande wa pili. Mbwa anayekaa saa ishirini na nne kwenye mnyororo wa mita moja, juu ya kinyesi chake, hajaepushwa na kuumia. Shingo huchubuka, na nimeona mnyororo ukiwa umezama ndani ya nyama. Mbwa wa namna hiyo, siku mnyororo ukikatika, ndiye hatari kuliko wote.

Inahitajika ua uliozibwa, banda lenye kivuli, maji, na nusu saa ya matembezi asubuhi kwa kamba, kabla bodaboda hazijajaa. Mkanda wa shingoni uandikwe namba yako ya simu kwa kalamu isiyofutika. Fundi viatu anaweza kuishona. Paka naye akizoeshwa kula jioni ndani ya nyumba hurudi kabla ya giza, na mlango ukafungwa.

Mbwa wa jirani alitiwa bandeji ngumu, akakaa nayo wiki sita. Anachechemea kidogo. Bili waligawana, jirani na kijana wa bodaboda, kwa makubaliano yaliyoandikwa kwa mkono mbele ya mjumbe, na jirani ndiye aliyelipa pia goti.